Kumtoa Mlimani Mwanamichezo Aliyeumia: Mwongozo Kamili wa Uokoaji wa Dharura katika Mbio za Skii

Tarehe 2 Machi 2008, katika mbio za Kombe la Dunia huko Kvitfjell, Norwei, Matthias Lanzinger wa Austria alianguka vibaya. Mguu wake wa kushoto ulivunjika chini ya goti, mfupa ukatoboa ngozi na mishipa ya damu ikaharibika. Siku hiyo hapakuwa na helikopta ya uokoaji iliyokuwa tayari mlimani. Alipelekwa kwanza Lillehammer, kisha Oslo kwa madaktari wa mishipa, na siku mbili baadaye mguu ukakatwa. Hakuna awezaye kuapa kwamba ungepona kama angefika mapema zaidi. Hata hivyo, swali lililoulizwa baada ya ajali ile ndilo linalopaswa kumwamsha kila daktari wa mbio alfajiri: kabla ya mtelezaji wa kwanza kuondoka, mlikuwa mmepanga nini?

Mwongozo huu unawalenga madaktari, wauguzi na waokoaji wanaosoma Kiswahili ambao kazi au masomo yamewafikisha kwenye nchi za theluji, pamoja na viongozi wa timu ndogo. Kenya iliwakilishwa katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018 na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria. Mataifa makubwa ya skii husafiri na madaktari wao, ilhali mwanamichezo aliyekuja na kocha wake tu humtegemea daktari wa waandaaji kwa kila kitu. Kiongozi wa timu ya namna hiyo ana haki, na naamini ana wajibu, wa kuuliza maswali yaliyomo humu kabla mtu wake hajasimama kwenye mlango wa kuanzia.

Kabla ya mbio: mlima ugawanywe vipande

Anza na mlima wenyewe. Njia ya Streif huko Kitzbühel, Austria, ina urefu wa mita 3,312, na ile ya Lauberhorn huko Wengen, Uswisi, inakaribia kilomita nne na nusu, kiasi kwamba mtelezaji bora huimaliza kwa takribani dakika mbili na nusu. Huko Wengen mwaka 2013 Mfaransa Johan Clarey alipimwa akienda kilomita 161.9 kwa saa. Njia hizi hazifanani na theluji laini ya kwenye picha za watalii, kwa kuwa humwagiwa maji zikaganda hadi zikawa ngumu kama sakafu ya saruji iliyopakwa mafuta. Mwokoaji anayeingia humo na viatu vya kawaida huteleza na kuwa majeruhi wa pili. Ndiyo maana kila mwokoaji ama awe mtelezaji hodari mwenye skii zilizonolewa, ama avae meno ya chuma chini ya viatu.

Daktari mkuu wa mbio aitembelee njia yote, akiteleza kutoka juu hadi chini pamoja na mkuu wa waokoaji, na kuigawanya vipande. Katika kila kipande ajibu maswali matatu papo hapo, akiwa amesimama pale pale na si mezani hotelini: sleji (kitanda cha kumburuta majeruhi juu ya theluji) itatokea wapi, wavu wa usalama unafunguka wapi, na helikopta itatua au kuning'inia wapi? Wavu ni jambo la kuangaliwa kwa makini. Nyavu ndefu za kudumu zinazoning'inia kwenye nguzo humzuia mtelezaji asitupwe msituni, lakini pia humtenga na mwokoaji aliye upande wa pili. Mwaka 1991, karibu kabisa na mstari wa kumalizia wa Lauberhorn, skii ya kijana wa Austria, Gernot Reinstadler, ilinasa kwenye wavu. Majeraha ya ndani aliyoyapata yalimuua. Mwokoaji aliyepangwa penye wavu awe na kisu au mkasi wa kukatia kamba mfukoni, tena mfuko wa nje, na ajue ni upande upi wa wavu anaotakiwa kusimama.

Kituo cha waokoaji kiwe juu ya mahali pa hatari, kamwe kisiwe chini yake. Kosa hili hurudiwa na waandaaji wengi wapya, ambao humweka daktari mahali penye mandhari nzuri chini ya mruko mkubwa, yaani mahali njia inapomrusha mtelezaji hewani, halafu mtelezaji huanguka mita hamsini juu yake na daktari hawezi kupanda barafu. Kwenye skii njia ni moja tu, kwenda chini. Anayesimama juu ya mruko humfikia majeruhi kwa sekunde chache.

Vifaa navyo vina tabia zao kwenye baridi. Chupa za dawa huganda, kwa hiyo hukaa kwenye mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Betri za mashine ya mapigo ya moyo huisha nguvu mapema, basi za akiba nazo zifichwe kwenye joto. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni husoma vibaya kwenye kidole kilichopoa, na ni heri kutumia kile cha sikioni. Maji ya dripu yapashwe moto na yafungiwe kwenye mfuko usiopitisha baridi.

Mipango miwili, si mmoja

Helikopta ni chombo cha ajabu, lakini ukungu ukishuka haiwezi kufanya kazi. Kila mpango unaoitegemea uwe na mwenzake wa ardhini: sleji hadi gari la wagonjwa, gari hadi hospitali, na muda wa kila hatua uwe umepimwa kwa saa, haujakisiwa. Huko Wengen jambo hili linaonekana wazi kuliko penginepo, kwa sababu kijiji hakifikiwi kwa gari. Watu na mizigo hupanda kwa treni ya milimani kutoka Lauterbrunnen. Helikopta ikishindwa kuruka hapo, njia ya kushukia ni reli, na mpango usiozungumza na wenye reli mapema ni karatasi tupu.

Hospitali nazo zitajwe kwa majina kulingana na jeraha. Hospitali iliyo karibu zaidi yaweza kumfaa mwenye goti lililochanika, lakini aliyevuja damu ndani ya fuvu anahitaji daktari wa upasuaji wa ubongo, na aliyekatika mshipa wa mguu anahitaji daktari wa mishipa. Daniel Albrecht wa Uswisi alipoanguka kwenye mruko wa mwisho wa Kitzbühel Januari 2009, alipelekwa kwa helikopta hadi Innsbruck, akalazwa usingizi wa dawa kwa takribani wiki tatu, na baadaye akarudi kushindana. Desemba 2024 Cyprien Sarrazin wa Ufaransa aliumia kichwani akifanya mazoezi rasmi huko Bormio, Italia, akapelekwa Milano na kufanyiwa upasuaji wa kutoa damu iliyokusanyika ndani ya fuvu. Katika mkasa kama huu, kupita kwanza hospitali ndogo ni kupoteza saa ambazo ubongo hauna.

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Skii zinataka mkuu wa huduma za tiba athibitishe kwamba mipango ya uokoaji ipo tayari kabla ya mazoezi rasmi au mbio kuanza, na endapo tukio litafanya mpango wa kwanza usitumike, mpango wa akiba uwe umekamilika kabla ya mbio kuendelea. Kwa maoni yangu hii ndiyo sentensi muhimu kuliko zote katika kazi hii, maana inampa daktari uwezo wa kusema hapana. Atasukumwa na televisheni, na wenye matangazo, na maelfu ya watazamaji waliosimama kwenye baridi. Asione haya kusema hapana.

Neno moja kuhusu mazoezi ya kawaida ya timu, yale yasiyokuwa na kamera. Régine Cavagnoud, bingwa wa dunia kutoka Ufaransa, aligongana na kocha kwenye mazoezi huko Pitztal, Austria, mwishoni mwa Oktoba 2001 na kufariki siku mbili baadaye. David Poisson, naye Mfaransa, alifariki akifanya mazoezi huko Nakiska, Kanada, Novemba 2017. Kwenye mazoezi ya aina hii mara nyingi hakuna helikopta inayosubiri wala daktari kwenye kila kona. Kocha anayepanga milango ya mazoezi, yaani nguzo za kuonyesha njia, basi ajue namba ya uokoaji ya mahali alipo (kwa Uswisi 1414 huita helikopta za uokoaji za Rega, na 112 hufanya kazi karibu Ulaya yote), awe na sleji karibu, ajue jina la mteremko kama waokoaji wa pale wanavyolijua, na awe amejaribu mwenyewe kama simu inashika mtandao pale juu.

Sekunde za kwanza: zuia mlango

Mtelezaji anapoanguka, jambo la kwanza si kumkimbilia. Washindani huondoka wakipishana kwa muda mfupi, na mara nyingi anayefuata yupo njiani tayari, akienda mita thelathini au zaidi kila sekunde. Mwamuzi au ofisa aliyeona ajali hutamka redioni amri ya kuzuia kuanza, na mwamuzi wa mlango wa kuanzia huijibu kuthibitisha kwamba mlango umefungwa. Ikiwa mwingine yuko njiani, bendera ya njano hupeperushwa mbele yake, naye lazima asimame mara moja, akijua kwamba ana haki ya kurudia mbio zake. Waokoaji huingia njiani pale tu wanaposikia kwamba njia ni salama. Inauma kusimama ukimtazama mtu amelala, lakini mwokoaji aliyegongwa na mtelezaji wa kasi hana msaada kwa yeyote.

Kuanzia hapo redio izungumzwe na wachache. Mwokoaji wa kwanza kufika atoe taarifa fupi kabla hajapiga magoti: yuko kipande kipi, majeruhi ana fahamu au hana, na anahitaji nini. Kwa helikopta iliyo hewani, mtu aliyesimama na mikono yote miwili juu anasema ndiyo, tunahitaji msaada. Mkono mmoja juu na mwingine chini unasema hapana.

Penye majeruhi

Mtu mmoja ajifunge au asimame chini ya majeruhi ili asiendelee kuteleza. Skii mbili zilizochomekwa kwenye theluji kwa umbo la msalaba, juu kidogo ya majeruhi, ni alama ya kuwaonya wengine. Kisha uchunguzi uende kwa mpangilio, na damu inayomwagika ije kwanza. Kingo za skii za mbio hunolewa hadi zinakata kama wembe, na Januari 2024 Aleksander Aamodt Kilde wa Norwei aliumia bega na kukatwa vibaya kwenye shavu la mguu kwa ajali moja huko Wengen. Damu inayoruka kwenye mkono au mguu hukandamizwa kwa nguvu, na isipokoma, mkanda wa kukaza hufungwa kati ya jeraha na kiwiliwili, saa iandikwe juu ya mkanda wenyewe. Nguo za ndani zisizokatika kirahisi sasa zinatakiwa kwenye mbio, lakini haziondoi hatari yote. Tena nguo ya mbio ni nyembamba na yenye rangi, na damu hupotea ndani yake au huingia kwenye kiatu. Pitisha mkono wenye glavu nyeupe chini ya mgongo, nyonga na mapaja, uutoe, uutazame.

Baada ya damu njoo kwenye njia ya hewa na shingo, ambavyo hushughulikiwa pamoja. Kofia ngumu hutolewa pale inapozuia kupumua au kutapika, na hutolewa na watu wawili: mmoja akishika taya na kisogo bila kuachia, mwingine akifungua mkanda, akitanua kingo za pembeni na kuivuta polepole. Kifua kinachoinuka upande mmoja tu, pumzi fupi na mapigo ya haraka ni dalili za hewa iliyobanwa kwenye kifua, ambayo daktari huitoa pale pale bila kungoja hospitali.

Tangu msimu wa 2024/25 mifuko ya hewa ya kuvaliwa imekuwa sharti katika mbio za kasi za Kombe la Dunia. Waokoaji wasiogope kumkuta mtu amefura kama puto, kwa kuwa hewa hupungua baada ya muda. Lakini wajifunze mapema namna kila aina inavyofunguliwa kifuani, na wasikate kwenye mgongo ambako kwa kawaida hukaa kifaa cha umeme na chupa ya gesi.

Fahamu hupimwa kwa kipimo cha Glasgow, chenye alama kuanzia 3 hadi 15, na kupimwa tena kila baada ya dakika chache, maana alama inayoshuka ina uzito kuliko alama yenyewe. Sarrazin alikuwa na fahamu alipoondolewa Bormio. Mtu anayeongea vizuri dakika ya tano anaweza kuwa hajitambui dakika ya arobaini. Kiongozi wa timu ndogo ana kazi hapa: awe na kadi yenye majina ya mwanamichezo, dawa anazotumia, zile zinazomdhuru, bima, na simu ya jamaa, na awepo wa kutafsiri, kwani aliyepigwa kichwa huweza kuanza kujibu kwa lugha ya nyumbani.

Mguu wenye kiatu cha skii huhitaji uamuzi wa makini. Kwa kawaida kiatu hakitolewi mlimani, kwa sababu gamba lake gumu hushikilia mifupa na kulitoa ni mateso. Lakini ikiwa vidole havina hisia, mfupa umetoka nje, au mguu umepinda mahali pasipo kiungo, basi daktari ampe dawa kali ya maumivu, mathalani ketamini au fentanili, aunyoshe mguu, na watu wawili wakitoe kiatu ili mapigo ya mguuni yapapaswe. Mguu usiopata damu una saa chache tu, takribani sita, na kila dakika ya sleji na gari imo ndani ya hesabu hiyo. Mguu wa namna hii haupelekwi hospitali isiyo na daktari wa mishipa.

Nyonga inayoshukiwa kuvunjika isitikiswe kupimwa. Ifungwe mkanda wa nyonga. Penye damu nyingi, asidi traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, gramu moja hutolewa polepole kwa dakika kumi, ndani ya saa tatu tangu kuumia. Na wakati wote huu majeruhi amelala juu ya barafu kwa vazi jepesi kama soksi. Baridi huzuia damu kuganda, kwa hiyo kumpasha joto ni matibabu kamili. Wekeni kitu chini yake kwanza, kabla ya kumfunika juu, kwa maana baridi kubwa inatoka chini.

Kumfunga na kumwondoa

Machela inayogawanyika mara mbili huingizwa chini ya mwili pande zote bila kumgeuza, kisha huhamishiwa kwenye godoro la ombwe. Godoro hili lina chembe ndogo ndani. Likinyonywa hewa hukakamaa kwa umbo la mwili wake na kumshika kama kalibu. Mtu mmoja, aliye kichwani, ndiye anayehesabu na kuamuru, na wengine wote huinua kwa sauti yake tu.

Majeruhi wengi wa skii wameumia goti, na kwao sleji inatosha. Helikopta huitwa kwa wenye jeraha la kichwa, uti wa mgongo, kifua, nyonga, paja, au mguu usio na mapigo. Kwenye sleji, aliyeumia kichwa au anayehema kwa shida aelekezwe kichwa upande wa juu wa mteremko.

Helikopta inapokaribia, upepo wa panga zake hupeperusha kila kisichofungwa: skii, makoti, mabango, hata nguzo za milango. Vyote vilazwe au viondolewe. Mtu mmoja wa kumwongoza rubani asimame mgongo ukielekea utokako upepo wa mlimani, si ule wa panga, macho yamefunikwa kwa miwani, na wengine wainame juu ya majeruhi kumkinga na theluji. Helikopta haikaribiwi kutoka nyuma, kwenye panga la mkia, na kwenye mteremko haikaribiwi kutoka upande wa juu, ambako panga kubwa hupita karibu na ardhi. Mahali pasipo pa kutua, majeruhi huondolewa kwa kamba pamoja na mwokoaji, hushushwa kwenye uwanja tambarare, akachunguzwa upya, ndipo akaingizwa ndani kwa safari ya hospitali. Kituo hiki cha katikati kiwe na hema lenye joto. Kamera nazo zizuiwe kwa mapazia, kwani mama yake huenda anatazama.

Makabidhiano yawe mafupi na yasikatizwe: umri, saa ya ajali, namna alivyoanguka na kasi, majeraha yaliyoonekana, mapigo, pumzi na alama za fahamu, dawa alizopewa na saa zake. Yaandikwe pia kwenye karatasi inayosafiri na mgonjwa. Timu ichague mtu mmoja wa kuzungumza na familia, na awapigie kabla ya habari kuwafikia kwingine.

Kuanza tena

Helikopta inapoondoka, mlima umebaki bila helikopta. Huu ndio wakati wa hatari iliyojificha, kwa sababu watu wamefarijika na waandaaji wanatazama saa. Daktari mkuu apige hesabu upya redioni, kipande kwa kipande: nani amechukua nafasi ya daktari aliyeondoka na mgonjwa, godoro la akiba liko wapi, mikanda na dawa zimejazwa, wavu uliopigwa umesimamishwa na kufungwa tena, helikopta ya pili imefika au ya kwanza imerudi. Kila kituo kijibu kwa sauti yake chenyewe. Mmoja asipojibu, mlango wa kuanzia unabaki umefungwa, na watelezaji walio juu hufunikwa mablanketi na kuambiwa sababu.